Mkorosho Uliovuliwa Kanga

Katika utumishi wangu nimesema uongo mmoja mkubwa, na ulikuwa na urefu wa miaka saba. Ule mdogo mdogo siuhesabu, kama wa kumwandikia mkuu wangu kwamba nimetembelea vijiji sita ilhali tairi la baiskeli lilipasuka kwenye cha pili. Ninaousema hapa ni wa mkorosho. Kwa miaka saba, kila aliyeniuliza nani alikata matawi ya chini ya mkorosho wa Mama Zuhura nilimjibu kwamba ni kaka yake, Mzee Issa. Haikuwa kweli. Ni mimi. Nilishika msumeno kwa mikono yangu miwili, nimevaa gauni la kitenge na kofia ya ukindu, watu wapatao ishirini wananitazama, na nilikuwa nafurahi.

Nyinyi vijana mlioajiriwa juzi, mnaozunguka vijijini kwa pikipiki, mliniomba niwaandikie habari za kupogolea mikorosho kwa kuwa mmesikia mimi ni fundi. Ni kweli, ni fundi. Tangu niombe kustaafu kwa hiari sijaona wa kunishinda, ingawa huenda ni kwa sababu sitoki sana nyumbani. Lakini sehemu kubwa ya ninachokijua nilikipata kwa kuharibu mali za watu, na sioni njia ya uaminifu ya kuwapa ufundi huku nikificha uharibifu.

Nianze na kosa jepesi, mnizoee.

Kule Lulindi alikuwapo mwalimu mstaafu mwenye mikorosho kumi na tano, mtu nadhifu, anayekunja hata majani makavu kabla ya kuyatupa. Nilipita shambani kwake asubuhi nikiwa na chaki. Kwenye kila tawi lililostahili kuondoka niliweka alama ya vema, nikamwambia, "Mwalimu, nimeshakuwekea alama, wewe fuata tu." Nikaenda zangu kijiji cha pili. Niliporudi baada ya siku tatu nilikuta matawi makavu, yaliyooza na yaliyosongamana katikati yote yamesimama salama, kila moja na vema yake. Matawi mazuri yalikuwa yamelala chini.

"Mwalimu, umefanya nini?"

"Nimekata yaliyokosa," alisema. "Miaka thelathini na mbili mimi nasahihisha madaftari, Mama Rehema. Anayepata vema anaendelea na masomo."

Tangu siku hiyo sikutumia chaki tena. Nilifunga kamba ya katani kwenye tawi la kukatwa, kisha nikamwambia mwenye mti anionyeshe kwa kidole atakata lipi na ataacha lipi. Fanyeni hivyo. Msimwulize mkulima kama ameelewa, maana atasema ameelewa ili muondoke mkapumzike. Mwambieni awaonyeshe.

Sasa turudi nyuma kidogo. Nilipanda mlima kufika Newala mara ya kwanza nikiwa na shahada ya kilimo, sanduku la bati na uhakika mwingi. Nimezaliwa Lushoto, kwenye baridi, kwa baba mwenye maplamu na mapichi. Kule kupogolea ni kama kunyoa nywele, mtoto wa miaka kumi anaweza. Unaondoa matawi yote ya chini mpaka usawa wa kifua, unaufungua mti katikati kama bakuli ili jua liingie, basi. Chuoni nilisoma habari za mikorosho kurasa nne, mbili zikiwa na picha. Nikaona inatosha.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeingia. Zamani korosho ilikuwa na mnunuzi mmoja, naye akikawia unakaa na magunia yako mpaka panya wajue jina lako. Sasa malori ya wafanyabiashara binafsi yalikuwa yanapanda mlima yakishindana kupiga honi, na salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, ilikuwa inauzwa dukani kando ya sabuni na betri. Watu wakaikumbuka mikorosho yao. Mashamba mengi yalikuwa yametelekezwa tangu wenyewe walipohamishiwa vijiji vipya, na yaligeuka msitu. Mikorosho ilishikana matawi kama watu wanaogombana, jua halikugusa chini, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe unaokausha maua, uliishi humo kwa raha zake. Nilimwuliza mzee mmoja shamba lake linaishia wapi. Akasema, "Bibi shamba, mara ya mwisho kuuona mpaka nilikuwa na meno yote."

Kazi yangu ilikuwa kufundisha watu kuufungua msitu huo. Mwanzo haukuwa mgumu. Tawi kavu toa. Matawi mawili yanayosuguana, toa moja, lile dhaifu. Yanayoota ndani kwenye giza yakirefuka kutafuta jua, toa, maana yanakula bila kufanya kazi. Miti ikikaribiana mno hata vilele vimeshikana, ondoa mti mzima, huku mwenyewe akilalamika kwamba unamfilisi. Mwaka wa pili atakusalimia kutoka mbali. Na haya yote yafanyike baada ya mavuno, kabla mti haujaanza kusukuma majani mapya. Ukisubiri mpaka maua yatoke, unachoangusha chini si matawi tena, ni korosho.

Huko ndiko nilikompata Mzee Issa. Kijiji chake kilikuwa nje kidogo ya mji wa Newala. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, asiyeachana na nyengo yake, ule upanga wa ncha iliyopinda na mpini mrefu ambao watu wa kule hufyekea vichaka. Alinikubalia shamba lake liwe la mafunzo. Asubuhi ya kwanza alinizungusha humo, akinionyesha miti kama anayewatambulisha jamaa zake. Tulipofika kwenye mmoja mkubwa karibu na njia, alisimama.

"Miti yote fanya unavyojua, binti yangu. Huu usiuguse."

"Kwa nini, Mzee? Ndio mzuri kuliko yote."

"Si wangu."

Hapa nisikilizeni vizuri, maana chuoni hamkufundishwa. Kwa watu wa uwanda ule, shamba ni jambo moja na mti ni jambo jingine. Shamba linaweza kuwa la kaka, na mkorosho uliosimama katikati yake ukawa wa dada, wa mpwa, au wa bibi aliyehamia wilaya nyingine. Huwezi kujua kwa kutazama, lazima uambiwe. Mkorosho ule aliupanda mama yao. Kabla hajafariki alimpa binti yake, Mama Zuhura, aliyeolewa Tandahimba. Mzee Issa alikuwa mlinzi tu. Kila msimu aliokota korosho za mti ule peke yake, akazitia kapu la peke yake, dada yake akaja kuzichukua. Siku hiyo walikula pamoja, na Mama Zuhura alimkabidhi kaka yake maneno yote ya mwaka mzima: nani kaugua, nani kazaa, Zuhura kafika darasa la ngapi. Kwa Wamakonde mjomba ndiye mkubwa wa mambo ya watoto wa dada yake. Baba anaheshimiwa, lakini bila mjomba neno la mtoto halikamiliki.

Haya yote Mzee Issa alinieleza taratibu, nami niliitikia kwa kichwa. Kama angeniambia nionyeshe kwa kidole, huenda ningeelewa.

Siku ya mafunzo watu walifika wengi. Asubuhi hiyo hiyo jirani alifiwa, na Mzee Issa akaenda msibani, akaniachia shamba na msumeno wake. Nikaanza na miti miwili ya pembeni. Mambo yakawa baridi. Ilikuwa miti mibovu, imejaa matawi makavu, na watu walianza kupiga miayo. Nikautazama ule wa njiani. Ulikuwa mviringo kama kuba, matawi yamezunguka pande zote hadi kugusa mchanga, shina halionekani kabisa. Nikajiambia, huu ndio wa kuonyeshea. Nikajiambia pia kwamba mwenye mti atafurahi, na dhambi nyingi za wasomi huanzia hapo.

"Bibi shamba," mama mmoja aliita, "huo si wa Mama Zuhura?"

"Ndio maana tunautengeneza vizuri," nilijibu, na watu wakacheka. Ukishachekesha watu kurudi nyuma ni vigumu.

Niliuinua mti ule kama mplamu wa baba yangu. Nilikata matawi yote ya chini, pande zote, mpaka usawa wa kifua changu. Nilikata kutokea juu, na lile kubwa kuliko yote lilipofika nusu lilijiangusha lenyewe, likararua gome la shina ukanda mrefu kama mkono. "Litapona," nilisema kwa sauti ya mtaalamu. Nilipomaliza mti ulikuwa umesimama kama mwavuli, unaweza kupita chini yake na baiskeli. Watu walipiga makofi, mimi nikiwa wa kwanza.

Mzee Issa alirudi saa saba. Alisimama njiani muda mrefu, nyengo begani.

"Mti ule nilisema nini?"

"Mzee, nilidhani..."

"Ulidhani." Akauzunguka mara moja. Akaweka kiganja kwenye lile gome lililochanika, akakitoa. "Haya. Umeshakatwa. Hatuwezi kuurudishia."

Miezi ilipita, miti ikachanua. Wa Mama Zuhura ulichanua juu tu, kule ambako hata mashine ya salfa haikufika vizuri, na ubwiriunga ukapata uwanja. Jua lilikuwa limeunguza shina lisilozoea kutazamwa. Ilipofika siku ya mavuno, lile kapu la peke yake halikujaa hata nusu.

Mama Zuhura alikuja kwa basi la asubuhi. Nilikuwapo shambani, kwa bahati mbaya pamoja na mkuu wangu kutoka wilayani na mgeni wake. Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, ajira yangu haijathibitishwa, na mkuu alikuwa ndio kwanza amemaliza kumwambia mgeni kwamba mimi ni kijana wa mfano. Mama Zuhura alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyeanza kuongea tangu barabarani. Alipoona mti alinyamaza, kisha akapiga yowe.

"Nani kamvua mama kanga?"

Alitutazama mmoja mmoja.

"Nauliza! Nani kauvua mti wa mama yangu kanga mchana kweupe, njiani, kila mpita njia aone miguu?"

Mkuu wangu alinigeukia. Mgeni wake alinigeukia. Na mimi, mwenye shahada, nikasema kwa upole, "Shikamoo, mama. Mimi nilishauri tu kwa jumla. Msumeno ulikuwa wa mwenye shamba."

Mnaona nilivyoyapanga maneno? Kila neno pale lina ukweli wake, na yote kwa pamoja ni uongo mtupu.

Mama Zuhura alimtazama kaka yake. Kumbukeni ni miaka gani ile. Korosho ilikuwa imepanda thamani, na kila kijiji kilikuwa na ndugu waliogombana juu ya miti. Kaka aliyetaka sehemu ya dada aliweza kuudhoofisha mti kidogo kidogo mpaka mwenyewe aukatie tamaa, kisha akapanda wake hapo hapo. Watu walikuwa wamelisikia hilo, na wengine walikuwa wamelifanya.

"Kaka," alisema. "Ni wewe?"

Mzee Issa alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, ningeshukuru kama angekasirika. Akasema, "Mti ulikuwa mikononi mwangu."

Mama Zuhura hakuketi. Hakula. Aliondoka na kapu lake nusu, na msimu uliofuata hakuja. Wala uliofuata. Zuhura alipovunja ungo, mjomba alizisikia habari sokoni.

Mnaweza kudhani Mzee Issa alinifukuza. Wiki ile ile aliniita shambani. "Njoo uone mti unavyozaa," alisema, "kabla hujaumiza mwingine." Alinipeleka kwenye mkorosho wake ulioshuka matawi hadi chini, umejaa mabibo mekundu, kila tunda na korosho yake chini.

"Zunguka nje. Kila ukiona bibo, sema bibo."

"Niseme kwa sauti, Mzee?"

"Kwani umelipia sauti?"

Nikazunguka. Bibo. Bibo. Bibo, bibo, bibo. Watoto waliokuwa wanapita walisimama kumtazama bibi shamba aliyerukwa na akili.

"Sasa ingia ndani, chini ya matawi. Sema tena."

Nikainama, nikaingia, nikasimama karibu na shina. Nikatazama juu, nikatazama pembeni.

"Mbona husemi?"

"Hakuna kitu huku, Mzee."

"Basi."

Hilo ndilo somo lote, vijana wangu. Mkorosho huzaa kwenye ncha za matawi, kwenye lile vazi la nje linalopigwa na jua, na sehemu kubwa ya vazi hilo iko chini, unapoweza kufika kwa mkono. Mplamu ukiufungua katikati unakushukuru. Mkorosho ukiukata pindo umeukata tumbo. Safisha ndani upendavyo, huko hakuna kitu cha kupoteza. Nje usiguse, ila ncha zinazolala kabisa mchangani. Zipandishe mpaka goti tu, uweze kufagia na kuokota korosho. Kama mti ni mchanga, miaka miwili au mitatu ya kwanza, ondoa machipukizi yote yaliyo chini ya kiuno, ubaki na shina moja safi. Ukikua, matawi ya juu yatateremka yenyewe kujifunika. Yaache yajifunike.

Na kukata nilifundishwa na yeye. Tawi kubwa usilikate kutokea juu. Anza chini, shubiri mbili kutoka kwenye shina, ingiza msumeno kina cha kidole gumba. Kisha panda juu, sogea mbele kidogo, ukate. Tawi likianguka litavunjikia kwenye ule mkato wa chini, na gome la shina halitachanika. Mwisho ondoa kisiki kilichobaki, lakini iache ile shingo iliyovimba pale tawi linapoungana na shina. Shingo ndiyo inayofunika kidonda. Ukiikata, kidonda kitakaa wazi, na mchwa hawahitaji barua ya mwaliko.

"Nani alikufundisha haya, Mzee?" niliwahi kumwuliza.

"Mama. Alikuwa anatuambia mimi na Somoe, ukianzia juu unamchuna mti ngozi akiwa hai." Somoe ndilo jina la Mama Zuhura. Akafuta msumeno kwa paja la suruali na kuhamia mti mwingine.

Nilipaswa kusema siku hiyo. Nilijiahidi kwamba nitasema ajira yangu ikithibitishwa. Ikathibitishwa. Nikajiahidi kwamba nitasema nikipata nafasi ya kwenda Tandahimba. Nilikwenda Tandahimba mara tisa kwa semina. Kisha nikahamishiwa Masasi, nikapanga nyumba Mkomaindo, nikamzaa Rehema, nikaanza kuitwa kila kijiji kufundisha kupogolea. Kote nilifundisha alichonifundisha Mzee Issa, na palipohitajika mfano wa kosa nilisimulia habari za "mkulima mmoja wa Newala" aliyeuvua mti kanga. Watu walicheka sana. Nilikuwa nazisimulia vizuri.

Mwaka wa saba Mzee Issa alikuja Masasi kutazamwa macho hospitalini, akapita kwangu kunisalimu. Alikuwa amenifungia kochoko, yale mabibo yaliyokaushwa, kwenye jani la mgomba. Nilimpikia ugali wa muhogo na mbaazi. Alikula, akanawa, akacheza kidogo na Rehema. Kisha akasema, kama anayesema habari za mvua, "Zuhura anaolewa mwezi huu."

"Hongera, Mzee! Lini unakwenda?"

"Nilisikia kwa kondakta wa basi."

Nikaanza kukusanya sahani.

"Najiuliza tu," aliendelea, akitazama mlango, "watakapofika wa kule kwa mume, wakauliza mjomba yuko wapi, watamwonyesha nani? Wakimwonyesha mtu mwingine, basi mimi nitakuwa nimekufa, ila sijaambiwa."

Alisema akitabasamu. Aliaga, akaenda kuwahi basi. Hakunilaumu hata kwa nusu neno, wala hakuniomba kitu. Nilimaliza kuosha vyombo, nikaona nimeosha sahani moja mara tatu.

Kesho yake nilikwenda Tandahimba. Nilimkuta Mama Zuhura uani akipembua mchele wa harusi pamoja na wanawake wanne. Nilimwamkia, akaitikia, akaniketisha juu ya mkeka. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima, yenye utangulizi na mazingira ya kazi. Iliyotoka ilikuwa fupi.

"Mama Zuhura, mti wako niliukata mimi. Kaka yako alinikataza, akaenda msibani, nikaukata. Halafu nikamsingizia."

Ungo ulisimama. Wanawake wale wanne walisogea karibu wakijifanya hawasikii, kama desturi ilivyo.

"Ulianzia juu au chini?" aliuliza.

"Juu."

"Gome likachanika."

"Likachanika."

Akaanza kupepeta tena. "Mimi nilijua siku ile ile. Kaka yangu hawezi kukata hivyo hata akiwa usingizini. Mama angefufuka akampiga."

"Sasa kama ulijua..."

"Kama nilijua, mbona niliondoka?" Aliweka ungo chini. "Nilimwuliza mbele ya watu, 'Kaka, ni wewe?' Kuna mgeni wa serikali aliyemjua miezi kadhaa, na kuna mimi niliyenyonya naye ziwa moja. Akachagua kukufunika wewe na kuniacha mimi nionekane mjinga. Miaka saba nangoja aje aseme, Somoe, si mimi. Haji! Anaokota korosho zangu, anampa mtu wa basi aniletee, salamu hakuna. Kiburi cha nani hicho?"

"Alikuwa ananihurumia mimi, mama. Ningefukuzwa kazi."

"Ungefukuzwa ungerudi kwenu ukalime maplamu!" Wanawake walicheka, nami nikacheka kidogo, nikaona kicheko changu hakijaruhusiwa, nikakimeza. "Umekuja kunitua mzigo wako. Nimeuona. Nenda, nitafikiri. Na namba yako niachie."

Nilirudi Masasi sijui kama nimejenga au nimebomoa. Sasa kweli yote ilikuwa hadharani, na bado mjomba hakuwa ameitwa. Siku tatu nilivumilia. Ya nne nilikwenda Newala kumweleza Mzee Issa nilichofanya. Nilimkuta juu ya ngazi, akisafisha mti. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kushuka.

"Alisema nini kuhusu mimi?"

"Alisema una kiburi."

"Mh," alisema, na kwa mara ya kwanza nikaona jambo limemgusa. "Nipe msumeno."

Tukafanya kazi. Simu za mkononi zilikuwa ndio zimeingia uwandani, na mtandao ulikamatika kwa kubahatisha. Shambani kwa Mzee Issa ulikamatika kwenye tawi moja tu la mkorosho wa pembeni, ukiitundika simu hapo kwenye mfuko wa plastiki. Niliitundika, nikaisahau. Nilikuwa nimeshika tawi asilolifikia Mzee, naye anaingiza msumeno kutokea chini, mti wa pembeni ulipoanza kulia.

Nilikimbia. Ukiitoa simu kwenye tawi mtandao unakatika, kwa hiyo nilisimama kwa ncha za vidole, shavu ndani ya majani.

"Mama Rehema? Uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Mama Zuhura.

"Niko Newala, mama. Shambani kwa kaka yako."

Nilidhani mtandao umekatika.

"Yupo hapo?"

"Yupo."

"Mpe."

Mzee Issa hakuwahi kushika simu. Alikuja taratibu, akafuta mikono, akajinyoosha hadi kwenye ule mfuko kama anayechungulia kiota. Nilimwelekeza sikio. Mama Zuhura alikuwa na sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde, nami nilisikia kila neno.

"Kaka. Nakuuliza mara ya pili, na sitauliza ya tatu. Nani alikata mkorosho wangu?"

Mzee Issa alinitazama. Naapa, vijana wangu, hata wakati ule, nikiwa nimekwisha kusema mwenyewe, yule mtu aliniomba ruhusa kwa macho. Nikaitikia kwa kichwa.

"Huyu bibi shamba," alisema polepole. "Si mimi, Somoe. Ningepaswa kukwambia siku ile."

"Ungepaswa."

"Ndiyo."

"Miaka saba, kaka!"

"Najua. Nilikuwa nahesabu."

Kwa upande wa pili nilisikia mtu akipenga kamasi, na nyuma yake wanawake na masufuria. Sauti iliporudi ilikuwa na pilika za kawaida.

"Ndoa ni Jumamosi. Wewe njoo Alhamisi. Mjomba hafiki siku moja na wageni, atakuwa mgeni naye. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na huyo mwenye simu mwambie aje pamoja na wewe. Lakini asivae vizuri. Masufuria ni mengi, wenzake wanaosha."